Gari Likiwa Kwenye Mwendo

Saa moja asubuhi tumetoka Makole:
mimi, Yudithi muuguzi, na kasha la baridi
lenye chanjo za watoto mia na ishirini.
Gari jipya. Viti bado vina nailoni.
Katibu wa afya alinionyesha kioo kama anayetambulisha mchumba:
"Hezroni, sasa hutauliza tena njia kwa wachunga mbuzi."

Baada ya kipilefti nikakumbuka sijaandika jina la kijiji.
Nikagusa. Herufi zikapauka kama jivu la jana
na maneno yakapanda kwa adabu ya karani:
*Huduma hii haipatikani gari likiwa kwenye mwendo.*

Sawa. Mikono yangu ina usukani,
na nimeshaona malori yaliyolala chali;
sibishani na tahadhari.
Lakini Yudithi?
Yudithi ana vidole kumi visivyo na kazi,
hana klachi, hana breki,
ana karanga tu mapajani.
Akagusa yeye. Jibu lile lile.

Kinachoniuma ni hiki:
asipofunga mkanda, gari hili hupiga kelele
ding, ding, ding, mpaka ajibane.
Kwa hiyo linajua kuna mtu pale.
Akikosea linamwona,
akitaka kusaidia halimwoni.
(Niliwahi kuwa na bosi wa hivyo. Tuliache.)

Nikaegesha. Nikaandika herufi mbili.
Lori la saruji likanipigia honi nihame,
nikasogea mita kumi, kikajifunga.
Nikaegesha tena. Kijana akaja mbio na ndoo ya zabibu,
nikanunua kilo nzima
kwa aibu ya kusimama bure.
Mara ya tatu akaja trafiki,
sare nyeupe, pasi imekaa:
"Mbona unasimama-simama kama kuku anayetafuta pa kutagia?"
Nikamweleza. Akachungulia, akacheka mpaka kofia ikahama.
"Mafundi wa Majengo wanaumaliza huo ugonjwa," akanong'ona.
"Waya mmoja tu wa breki ya mkono.
Gari litaamini limesimama siku zote."

Nililitafuna hilo kilomita kadhaa:
kitu kinakimbia themanini
na moyoni kinaamini kimesimama.
"Wapo na watu," alisema Yudithi, akamenya karanga nyingine.

Barafu haina subira.
Lami ikaisha, vumbi likaingia kwa miguu yake,
na mshale wetu ukaelea katikati ya kijivu kitupu,
hakuna barabara, hakuna mto, hakuna Mvumi,
kama vile nchi hii ilisahaulika kuchorwa.

Ndipo Yudithi akasema, bila kuangalia kioo:
"Shika kushoto kwenye josho bovu.
Ukiona kanisa la bati lenye kiraka cha buluu,
iache barabara nzuri,
hiyo inakwenda kambini kwa mkandarasi. Fuata mbaya.
Korongo la kwanza ni jepesi. La pili lina mchanga,
usikanyage breki katikati.
Halafu duka la chumvi. Mwenye duka,
mapacha wake niliwapokea kwa mikono hii."

Yote hayo aliyasema gari likiwa kwenye mwendo.
Hakunitaka nivute breki ya mkono.

"Mbona hukusema tangu Makole?"
"Uliniuliza? Ulikuwa unaongea na kioo."

Tulifika saa nne kasoro.
Kipimajoto ndani ya kasha: nyuzi sita.
Akina mama walikuwa wameshajaza kivuli cha zahanati,
mtoto mmoja akaanza kulia kabla hajaona sindano.
Yudithi akashuka na kasha, akaniachia maganda kwenye kiti.

Nikavuta breki.
Kioo kikawaka chote, herufi zikarudi na rangi zake,
A mpaka Z, zote ruhusa,
kikaniuliza kwa upole usio na haya:
*Unakwenda wapi?*